Mwenye Ambari

Bakhita binti Harub hakuwa mtu wa bahari. Nyumba yake ilikuwa Qurum, mjini Maskati, karibu kabisa na ufukwe, lakini bahari aliitazama kupitia kioo cha gari tu, tena akiwa na haraka zake. Kwa hiyo alipomwambia Reem, binti wa kaka yake, kwamba anataka kupelekwa kutazama nyangumi, Reem alidhani anataniwa.

Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yote. Alisema amepika udi tangu ujana wake, ameponda ambari kwa mkono wake huu huu, amewafukiza mabiarusi wa ukoo mzima, na hata siku moja hajamwona mnyama anayeitoa hiyo ambari. Ni sawa na kula chakula cha mtu miaka nenda miaka rudi bila kumjua sura. Reem alicheka, akaona ni jambo jema la kufanya na shangazi yake kabla ya harusi, akatafuta nafasi mbili kwenye boti ya asubuhi.

Sababu iliyobaki Bakhita aliimeza. Pua yake ilikuwa imekufa.

Ilikufa na ile homa iliyoizunguka dunia. Kifua kilipona, viungo vilipona, ladha ya chumvi na sukari ilirudi, lakini pua haikurudi. Mwanzo alijipa subira. Kisha akaanza kuficha, na kuficha kukawa kazi kamili. Alikunywa chai ya maziwa yaliyoharibika akamsifu aliyeipika. Gesi ilivuja jikoni kwake na yeye amekaa pale pale anachambua mchele, mpaka mtumishi alipokuja mbio kufungua madirisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo Bakhita alikuwa bingwa wa kuwasomea wenzake.

Kilichomtia hatiani hasa ni udi. Katika ukoo wao udi wa harusi haununuliwi dukani, hata uwe wa duka gani katika soko la Matrah. Hupikwa nyumbani, na mpishi ni shangazi wa biarusi. Sukari hutiwa sufuriani mpaka iyeyuke na kuanza kugeuka rangi, kisha hutiwa vipande vya udi, miski, zafarani, mafuta ya sandali na marashi, na mwisho kabisa ambari, kidogo tu. Kazi yote iko kwenye ile sukari. Ikitolewa motoni mapema, udi hunata na hauna nguvu. Ikichelewa imeungua, na kila kilichotiwa ndani yake kimepotea bure. Hakuna saa wala kipimo cha kukwambia wakati wenyewe ni upi. Mpishi hufumba macho, huinamia mvuke, na pua ndiyo inayosema: sasa.

Tangu homa ile Bakhita alipika mara moja tu, kwa harusi ya Kheiria, binti wa kaka yake mwingine. Alipika kwa macho, akitazama rangi na mapovu. Udi ulisifiwa mno. Wanawake walipanga foleni kumbusu mkono. Naye alirudi nyumbani akiwa hana raha, kwa sababu watu wenye adabu wakikusifu hujui umepata nini. Sasa ilikuwa zamu ya Reem, ambaye kati ya watoto wote wa kaka zake ndiye aliyempenda shangazi yake waziwazi bila kuona haya. Harusi ilikuwa imekaribia na sukari ilikuwa inamngoja.

Ndipo siku moja, kwenye chakula cha mchana, akaja Ruba, rafiki wa Reem wa kazini, akasimulia safari yake ya boti. Alisema nyangumi alipumua karibu yao, na ile harufu ya pumzi iliganda kwenye mtandio, ukafuliwa na kufuliwa tena, haikutoka. Ruba alilisema hilo akaendelea kula. Bakhita aliacha kutafuna. Kwa wapika udi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, kwamba nguo imefuliwa na harufu haikutoka. Akawaza: hiyo ni pumzi tu, na huyo ndiye mwenye ambari, anayeibeba tumboni mwake. Ikiwa kuna harufu duniani inayoweza kuifufua pua ya mtu, basi ni hiyo.

Akaweka nia, kama mtu anavyonuia saumu. Akiinusa pumzi ya nyangumi, atapika udi wa Reem. Asipoinusa, atamwambia Reem ukweli kabla hawajashuka botini, na Reem atafutiwe mpishi mwingine. Alikuwa mwanamke wa kushika nia zake, angalau ndivyo alivyojijua.

Basi wakaenda. Reem aliendesha gari, wakapita Matrah na Maskati ya kale, mpaka bandari ya boti iliyo karibu na Sidab. Nahodha, Fahd, alikuwa kijana wa Sidab, mkimya, mwenye miwani ya jua aliyoivua mara moja tu ili kumsalimia mtu mzima. Aliyewapokea abiria na kuwavalisha jaketi za kuokolea alikuwa Priscah, dada wa Kikenya, mtu wa Kitale, ambaye kwa maneno yake mwenyewe bahari aliiona akiwa ameshakuwa mkubwa, na tangu siku hiyo hakutaka kuangalia kitu kingine. Alipogundua kwamba Bakhita na Reem wanazungumza Kiswahili, alifurahi kama aliyekutana na jirani wa nyumbani, ingawa Kiswahili chao na chake vilikuwa vikigongana kidogo. Abiria wengine walikuwa Wazungu watatu wenye kamera na mume na mke vijana kutoka India, walioshikana mikono tangu gatini.

Boti ilitoka taratibu, ikapita chini ya majabali, kijiji cha Qantab kikabaki nyuma kwenye ghuba yake, na maji yakageuka kutoka kijani kuwa buluu nzito. Bakhita alikuwa amejiandaa kuogopa. Badala yake alishangaa kwamba haogopi. Alikaa ukingoni, akashika chuma, akaanza kumuuliza Priscah maswali.

Aliuliza nyangumi analala wapi. Priscah akamwambia huyu wa kwao, mwenye meno na kichwa kikubwa, hulala amesimama wima ndani ya maji. Bakhita hakuamini, akataka aapiwe. Aliuliza anakula nini, akaambiwa ngisi, ngisi wakubwa wa kizani huko chini ambako mtu hafiki, na kwamba kuna korongo refu chini ya maji haya haya, ndiyo maana nyangumi huonekana karibu na mji. Aliuliza anakaa chini muda gani bila kuvuta pumzi, kama anawajua watoto wake, kama anazeeka, na akizeeka nini humharibikia kwanza. Priscah alijibu anayoyajua, na asiyoyajua alisema hayajui. Reem alikuwa akimtazama shangazi yake. Hajapata kumwona hivi, uso umefunguka kama wa mtoto wa skuli.

Kisha Bakhita akauliza jinsi ambari inavyopatikana. Bibi yake Unguja alimfundisha kwamba ni povu la bahari lililoganda. Mwenye duka Matrah alimwambia ni matapishi ya nyangumi. Priscah alisita kidogo, akamtazama Reem, kisha akasema.

"Mama, unajua ngisi ana mdomo mgumu, kama wa kasuku. Hiyo mdomo haisagiki tumboni. Sasa tumbo ya nyangumi inaifunikafunika na hicho kitu, isimkwaruze. Watu husema anakitapika. Lakini wale wanaomchunguza wanasema, mara nyingi, inatoka na choo."

Bakhita alimwangalia, akaiwaza orodha ya mabiarusi aliowafukiza, mama wakwe waliojipaka, wazee wa heshima waliotiwa ambari kwenye kahawa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alicheka peke yake kwa muda, kila akitulia inamrudia. Akasema angalau sasa anajua. Maswali yote aliyauliza asubuhi ile, isipokuwa moja. Hakuuliza pumzi ya nyangumi inanukaje, kwa sababu aliogopa kuulizwa kwa nini anataka kujua.

Pomboo walikuja kwanza, kundi zima, wakirukaruka mbele ya boti. Kamera zilifanya kazi yake. Bakhita aliwatazama kwa heshima, lakini hakuwa amewafuata hao. Fahd aliendelea kwenda nje, akazima injini, akasikiliza, akawasha tena. Jua lilipanda. Yule bwana wa Kihindi alianza kupoteza rangi usoni na mkewe akawa anampepea kwa kofia. Priscah aliwaambia abiria, kwanza kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, kwamba bahari haitoi ahadi na kuna siku watu hurudi hivi hivi. Ile nia ya Bakhita haikuwa na kifungu cha siku ya kurudi hivi hivi.

Fahd ndiye aliyemwona nyangumi. Alinyoosha kidole tu. Mbali kidogo, juu ya maji, kulikuwa na moshi mfupi ulioinamia upande mmoja. Priscah alisema ni yeye, mwenye meno, kwani huyo peke yake pumzi yake huenda mbele na kushoto, tundu lake la pua liko upande. Boti ilisogea polepole kwa ubavu, kisha injini ikazimwa. Kanuni yao ni kwamba hawamfukuzi. Humwachia yeye achague.

Alikuwa amelala juu ya maji, ameduwaa, mgongo wa kijivu wenye makunyanzi, kichwa kama kasha kubwa la nguo. Akapumua. Sauti ilifika kwao baadaye kidogo, nzito, sauti ya kiumbe aliyechoka anayejikalia. Bakhita alijikuta anasema taratibu, asalamu alaikum, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumwambia mtu aliyemfanyia kazi maisha yote bila kukutana naye.

Nyangumi akachagua. Akageuka, kwa uvivu, akaja upande wao, mpaka wakaona jicho dogo na makovu ya ngisi kichwani. Priscah alimwambia kila mtu akae chini. Upepo mwanana ulikuwa unatoka kwake kuja kwao. Bakhita alijua kwamba wakati wake ni huu. Akafumba macho, kama alivyofumba juu ya kila sufuria aliyopika tangu yuko msichana, akainua uso, akangoja.

Pumzi ikaja. Aliisikia, akahisi umande wake shavuni na midomoni, unyevu wenye joto. Akavuta kwa nguvu zake zote, mpaka kifua kikamuuma. Akatafuta ndani ya ile hewa kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa hewa yenye maji, basi.

"Shangazi," Reem alisema, na sauti yake ilikuwa imebanwa, "umeipata hiyo?"

Sasa hapa ndipo nia ya mtu hupimwa. Bakhita alikuwa na maneno mawili ya kusema, na alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu nyumbani. Lakini kiburi kimezoea kujibu kabla ya mwenyewe. Macho yake bado yamefumba, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa taratibu kama alivyokuwa akifanya zamani udi unapokubali.

"Nimeipata," alisema. "Subhanallah. Ambari tupu hii. Hii ndo asili yenyewe."

Akafumbua macho.

Priscah alikuwa ameivuta kola ya fulana mpaka machoni. Mzungu mmoja ameangusha kamera mapajani na kuikamata pua kwa mikono miwili. Yule bwana wa Kihindi amening'inia ukingoni anatapika, na mkewe anamshika mgongo huku amegeuzia uso wake upande mwingine. Hata Fahd alikuwa anapunga mkono mbele ya uso. Reem amejifunga mtandio puani na mdomoni, macho yamejaa maji, na alikuwa anamtazama yeye, si nyangumi.

Priscah, kwa wema wake, alisema kwamba kila mtu na pua yake. Wema huo ulimchoma Bakhita kuliko kama angechekwa.

"Shangazi," Reem alisema polepole, "inanuka uvundo. Inanuka samaki aliyeoza."

Mlango wa kutokea ulikuwepo. Angeweza kusema nilikuwa nakutania, na Reem angecheka, na jambo lingepita. Neno hilo lilimfika ulimini. Akamtazama mtoto yule, akaona kwamba akilisema, atapika sukari ile kwa macho tena, na safari hii atakayevaa nguo za moshi ule ni Reem. Aibu aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, lakini hiyo ingekuwa kubwa zaidi.

"Sinusi, mwanangu," alisema. "Tangu ile homa, sinusi kitu. Si udi, si moshi, si hichi kinachowatapisha wenzangu. Nlinuia kukwambia leo, na ulimi ukantangulia."

Reem aliinamisha kichwa. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo.

"Na ule udi wa Kheiria?"

"Nliupika kwa macho."

Reem alichezea ukanda wa jaketi lake. Halafu akasema, "Uliungua, Shangazi."

Kilichofuata alikisema huku anaangalia sakafu ya boti, na kilimtoka kwa mafungu. Sukari ilikuwa imeungua kabisa. Chetezo kilipowashwa, chumba kilinuka sufuria, na mama mkwe wa Kheiria alisimama akafungua madirisha kwa kisingizio cha joto. Mahfoudha, mama yake Reem, aliwakusanya wanawake chumbani akawaambia kwamba yeyote atakayelifikisha neno hili masikioni mwa Bakhita atakuwa na kesi naye. Walidhani ni utu uzima, mkono umechoka, na mtu aliyewapikia wote hafai kuvunjwa moyo. Basi wakasifu, kila mmoja akijitahidi kumshinda mwenzake.

"Nilikuwa nautaka udi wako," Reem alimaliza, "na nilikuwa nauogopa. Sikujua nikwambie vipi."

Hasira ilimpanda Bakhita. Nyumba nzima ya watu wanambusu mkono huku wanafungua madirisha! Alifungua mdomo kusema maneno ambayo Mahfoudha asingeyasahau. Kisha akakumbuka chai ya maziwa yaliyoharibika aliyoisifu, na gesi, na ambari tupu aliyoinusa sasa hivi mbele ya mashahidi. Hasira ikakosa pa kukaa. Walikuwa wakidanganyana kwa mapenzi pande zote mbili, na pande zote mbili walikuwa wamechoka. Akahisi anataka kulia, na pia, jambo lililomshangaza, anataka kujua.

"Nambie kinanukaje," alisema.

"Udi wa Kheiria?"

"Huo ntakuja kuuliza. Huyu. Yuko hapa, nami nimemjia yeye."

Reem akasema ananuka vibaya. Bakhita akatikisa kichwa.

"Vibaya si harufu. Vibaya ni maoni yako. Kipi kinatangulia?"

Reem alifikiri. Akasema samaki, lakini si samaki wa sokoni. Samaki na kitu kama kabichi iliyochemshwa ikasahauliwa. Bakhita akauliza baada ya hapo kinakuja nini, maana harufu yoyote ina mlango na ina chumba cha ndani. Reem akakiri kwamba hajui, alikuwa ameziba pua.

"Basi ndo ujue," Bakhita alisema. "Biarusi hapiki udi wake, ada haikubali. Mie ntapika, mikono nnayo. Lakini wewe utasimama jikoni na mimi, na utanambia 'sasa' sukari ikifika. Na mtu asiyejua kitu kinanukaje hawezi kunambia 'sasa'."

Reem aliuliza kama mama yake atakubali. Bakhita alisema Mahfoudha atakubali, kwa sababu Mahfoudha naye ana maelezo ya kutoa.

Nyangumi alikuwa bado pale, ametulia, hana habari kwamba amevunja siri ya watu. Priscah alisema kwa sauti ya chini kwamba atapumua tena mara moja au mbili, kisha atainua mkia na kwenda zake huko chini kwa ngisi, na mwenye kutaka kuhamia upande wa pili wa boti ahamie sasa. Wote walihama. Yule bwana wa Kihindi alisaidiwa na mkewe. Boti iliinama kidogo upande ule, na upande wa nyangumi wakabaki watu wawili, mmoja asiyehitaji kuhama na mmoja aliyekuwa anahitaji sana.

Mgongo ule mkubwa ulijikaza. Reem alimtazama shangazi yake, akaufungua mtandio, akaushusha mpaka shingoni. Pumzi ikawapiga usoni wote wawili. Akaivuta yote ndani. Alikohoa, machozi yakamtiririka, akashika chuma kwa nguvu, na hakuziba pua.

"Samaki ndiye anayetangulia," alisema alipoweza. "Halafu kabichi. Halafu..." Akanusa tena, polepole safari hii, uso umekunjamana kama wa mtu anayekumbuka jina. "Kuna kitu chini yake. Kidogo sana. Sijui kinaitwaje."

Bakhita alimsogelea mpaka mabega yao yakagusana.

"Hicho," alisema. "Nambie hicho."